Ngozi Isiyojua Kuacha

Mwaka ambao sabuni ilirudi madukani Sumbawanga, baada ya watu kufulia majivu kwa muda mrefu hadi mikono ikachubuka, ndio mwaka Rozina alioungua. Alikuwa mke kijana wa kijiji cha Mollo, ameolewa na Wilibrodi, mkulima wa mahindi na ulezi aliyesifika kwa jozi yake ya maksai na kwa kutosema maneno mengi. Mtoto wao wa kwanza, Adela, alikuwa hajaanza kutembea.

Siku hiyo walikuwa na watu waliokuja kuwasaidia kuvuna, na Rozina alikuwa akichemsha maji ya kimpumu, ile pombe ya ulezi inayonywewa kwa mrija. Pipa lilikuwa juu ya mafiga, Adela amefungwa mgongoni. Rozina alipoinama kusukuma kuni, figa moja lilititia kwenye udongo uliolowa, pipa likaanza kulala upande wake. Yeyote angegeuka akimbie. Lakini aliona papo hapo kwamba akigeuka, atakayeyapokea maji yale ni mtoto. Hakugeuka. Alirudi kinyumenyume, kifua kikiwa mbele, na maji yakamkuta hivyo hivyo, toka shingoni hadi chini ya matiti, na mkono wa kushoto hadi kwenye kiwiko. Watu walipofika walimkuta amekaa chini, amenyooka kama mtu aliyeko kanisani, Adela analia mgongoni bila kuguswa na tone.

Alikaa hospitali mjini hadi mvua zilipoanza. Bandeji zilipotolewa, ngozi mpya ilikuwa nyembamba na nyekundu, laini kama ya kichanga. Wanawake wa jumuiya ya kanisani walimshukuru Mungu. Wilibrodi alimleta nyumbani kwa mkokoteni wa maksai, akitembea mbele polepole ili asimrushe kwenye mashimo, na jioni ile walikula ugali wa ulezi na maharage kama watu ambao tabu yao imekwisha.

Ilianza kwa kuwasha. Mwanzoni Rozina alidhani ni jasho, kisha akadhani ni kitambaa cha gauni. Kisha akahisi kwa ncha za vidole kwamba ngozi inanyanyuka. Kovu la watu wengine hukaa ndani ya mipaka ya kidonda kilicholileta, na mwaka ukipita hulala. Hili lilivuka mipaka. Lilipanda shingoni, likatoa vidole kuelekea begani, likawa gumu na la kung'aa kama ngozi iliyowambwa ngomani. Kadiri lilivyonenepa ndivyo lilivyovuta. Baada ya mavuno mawili, mtu akimwita Rozina kutoka pembeni, ilimbidi ageuze mwili mzima ndipo aitike.

Kuwasha ndiko kulikomtesa kuliko sura. Alijikuna hadi akatoka damu, na pale palipotoka damu pakanenepa zaidi. Wilibrodi alikuwa akienda mtoni asubuhi kuokota jiwe bapa lenye baridi ya Ufipa ndani yake, akamwekea juu ya kovu, akalishika hapo hadi kuwasha kupoe. Hakusema pole. Alishika jiwe tu, na likipata joto akaligeuza upande wa pili.

Walirudi hospitali. Daktari wa upasuaji alilikata kovu lote la shingoni, akashona vizuri. Kwa miezi michache Rozina aliweza kutazama juu na kuona Milima ya Mbizi bila kujipinda. Halafu likarudi, na mara hii lilikuja likiwa nene kuliko lile la kwanza, kana kwamba limekasirishwa. Ndugu za Wilibrodi wakasema dawa ya jambo la namna hii haipo kwa wazungu. Wakamleta mganga kutoka bondeni, naye akamchanja chale kuzunguka kovu ili kulizuia lisitembee, akapaka unga mweusi. Kila chale ikaota uvimbe wake. Ndipo maneno yakaanza kutembea Mollo, kwamba ngozi ile inakula dawa na kushiba, kwamba kuna kitu kimeingizwa. Cornelia, mwenyekiti wa jumuiya yao, alimtetea kwa sauti kubwa kwenye sala, na utetezi ule ndio uliowafahamisha hata wale waliokuwa hawajasikia. Tangu hapo Rozina akawa anajifunga kitenge hadi kidevuni, iwe baridi ya Juni au joto la kabla ya mvua.

*

Daktari Ngeleja alianza kufika Sumbawanga miaka ile ya tisini, kila baada ya miezi kadhaa, kwa ajili ya wagonjwa wa ukoma. Alikuwa mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia bonde la Ziwa Rukwa na ng'ombe wao, na alikuwa amesomea magonjwa ya ngozi. Nesi Otilia, aliyemkumbuka Rozina tangu siku za bandeji, ndiye aliyempelekea habari.

"Huyo daktari hakimbilii kisu," Otilia alimwambia. "Nenda tu akuone."

Ngeleja alimtaka afungue kitenge. Aligusa kovu kwa vidole vyote, bila glavu na bila kukunja uso, akalifinya hapa na pale kama mtu anayepima ukomavu wa tunda.

"Lilikatwa?"

"Lilikatwa, daktari. Likarudi na ndugu zake."

Akacheka kidogo, kisha akavuta kiti karibu. "Mama, hujalogwa, na hukukosea kujitunza. Ngoja nikueleze. Ngozi ikiumia, chembe ndogo ndogo za mwili huitana. Kuna protini ambazo ni kama mjumbe anayepita mlango kwa mlango akitangaza: leteni nyuzi, jengeni, tobo lizibwe. Mafundi wanakuja, wanajenga. Jeraha likishafunga, mjumbe anatakiwa kunyamaza, na mafundi warudi kwao. Kwako wewe mjumbe hanyamazi. Anaendelea kutangaza, nao wanaendelea kujenga juu ya nyumba iliyokwisha. Tukikata, tunafungua jeraha jipya, naye anapata sababu mpya ya kutangaza."

Rozina alifikiri. "Hakuna wa kumnyamazisha?"

"Kuna sindano inayopunguza sauti yake. Tunaichoma ndani ya kovu lenyewe, mara nyingi, kwa uvumilivu. Kovu changa linasikia haraka. La zamani na pana kama lako linasikia kwa shida, lakini shingoni tunaweza kupata nafuu." Akalitazama tena kovu. "Kwenu kuna mwingine mwenye hali hii?"

"Shangazi yangu. Alichanjwa ndui begani, pakaota kitu kama uyoga. Alikufa nacho."

"Basi liko katika damu yenu. Una binti?"

"Mmoja. Wengine ni wavulana."

"Usimtoboe masikio. Asichanjwe chale. Na siku akipata jeraha kubwa, mniletee mapema, lisipewe nafasi ya kuinuka."

Rozina aliitikia. Njiani kurudi Mollo alilibeba neno lile kama mtu anayebeba yai mdomoni. Alijua jinsi watu wanavyouliza habari za ukoo kabla ya kutoa posa. Wakisikia kwamba ile si ajali ya maji ya moto tu, kwamba ni kitu cha damu, nani atapiga hodi kwa ajili ya Adela? Alimwambia Wilibrodi habari za sindano na za mjumbe asiyenyamaza. Habari za damu hakumwambia.

Sindano ziliuma kuliko kuungua. Dawa ilisukumwa kwa nguvu ndani ya nyama ngumu isiyotaka kuipokea, na Rozina alikuwa akiuma pindo la kitenge. Lakini baada ya miezi, upande wa kulia wa shingo ulilainika. Kuwasha kulipungua. Siku moja Wilibrodi alimwita akiwa mlangoni, naye akageuza kichwa peke yake, mabega yakabaki palepale. Wote wawili walilitambua jambo lile.

Lakini nafuu ile haingekamilika kamwe. Tangu ilipotangazwa kwamba wananchi wachangie matibabu, na watu binafsi wakafungua maduka ya dawa barabara nzima pale mjini, dawa za kila namna zilionekana kwenye rafu isipokuwa hiyo. Kuna miezi Ngeleja alikuja nayo, kuna miezi alikuja na mikono mitupu na kuomba radhi. Safari moja alimwomba kipande kidogo cha kovu, kisichozidi punje ya ulezi. Kilipelekwa mbali, kwa wataalamu waliokuwa wakitafuta namna ya kumziba mdomo mjumbe yule moja kwa moja badala ya kumpunguza sauti.

"Wakipata, wataniambia?" Rozina aliuliza.

Ngeleja alikuwa akifunga kichupa. "Watapata, naamini. Sijui kama itakuwahi wewe."

*

Adela alikua binti mrefu, mwepesi wa kucheka, mwenye shingo ndefu ambayo mama yake hakuchoka kuitazama. Wakati huo biashara ilikuwa imefunguka. Mabasi yalileta mitumba kutoka Tunduma, na pamoja na mitumba hereni za plastiki za kila rangi, zimechomekwa kwenye makaratasi na kuning'inizwa sokoni. Wasichana wote wa darasa lake walivaa.

"Mama, naomba nitoboe masikio."

"Hapana."

"Kwa nini? Agnesi ametoboa, hata watoto wa katekista wametoboa."

"Kwa sababu nimesema."

Aliomba tena na tena, na kila mara jibu likawa lile lile. Rozina alijua kwamba jibu lisilo na sababu halimzuii mtoto, humfundisha tu kujificha. Hata hivyo kila alipofungua kinywa aliona sura za washenga, akakifunga. Sikukuu ya Pasaka Adela alikwenda Kasense kwa rafiki yake Agnesi, na dada wa Agnesi akamtoboa kwa sindano na uzi, akampaka mafuta. Kwa wiki kadhaa aliyaficha chini ya kitambaa cha kichwa. Siku Rozina alipokivuta kile kitambaa, nyuma ya kila sikio palikuwa na uvimbe kama harage, mgumu, unang'aa.

Hakumpiga. Aliketi juu ya kinu.

"Mama, ni nini?"

"Ni hili langu," Rozina alisema. Akafungua kitenge, jambo ambalo hakuwa amelifanya mbele ya binti yake tangu akiwa mdogo. "Liko katika damu yetu. Daktari aliniambia zamani usitobolewe."

Adela alimtazama kwa muda. Alikuwa na umri ambao mtoto anaanza kumpima mzazi.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Na ukaniambia tu hapana."

"Niliogopa watu wasije wakakukataa."

"Sasa si ndiyo watanikataa vizuri," Adela alisema, akaingia ndani.

Ngeleja alipofika zamu ile alikuwa na vichupa vichache tu. Vilitengwa kwa ajili ya Rozina, kwa kuwa upande wa kushoto wa shingo ulikuwa umeanza kuvuta tena. Rozina alimsukuma Adela mbele, akamwonyesha masikio yake, na daktari akaelewa kabla hajaambiwa. Aliukata uvimbe, akachoma sindano pembeni mwa jeraha siku ile ile, kisha tena na tena kila alipokuja, hadi masikio yakatulia, yakabaki na alama ndogo ambayo asiyejua hawezi kuiona. Shingo ya Rozina ikarudi kuvutwa, kidevu kikainama kushoto, naye akarudia kugeuza mwili mzima akiitwa. Adela aliliona hilo. Tangu hapo alianza kumtangulia mama yake kisimani ili asimwache anyanyue ndoo.

Siku ya mwisho ya sindano daktari alimkalisha Adela, akamweleza yote kama mtu mzima. "Mwili wako ukikatwa, utataka kuota. Lakini tukiuwahi, tunautuliza. Umeona mwenyewe." Adela aliitikia kwa adabu. Alichobaki nacho moyoni ni lile neno la kwanza. La pili lilimpita.

*

Wachumba walikuja, tofauti na Rozina alivyoogopa. Leonidas, kijana wa Matai, alikuwa mfanyabiashara wa samaki wakavu. Alikuwa na gari dogo bovu aina ya pikapu, alinunua migebuka Kasanga na kuipandisha hadi mjini. Adela alimwambia habari za damu kabla ya posa, yeye mwenyewe, wakiwa wamesimama sokoni kati ya magunia.

"Ndiyo hiyo tu?" Leonidas aliuliza.

"Ndiyo hiyo."

"Mimi nilidhani unaniambia una mume."

Walifunga ndoa, wakahamia Matai. Rozina alikaa kanisani benchi la mbele, kitenge kidevuni, akimtazama binti yake kwa kujipinda.

Mimba ilipokuja Adela alifurahi kama kila mwanamke, na alikuwa na afya. Uchungu ulimshika Matai, ukamshika sana na usizae kitu. Mkunga wa pale alisema mtoto ni mkubwa na njia ni nyembamba, wampeleke mjini bila kuchelewa. Leonidas alimlaza nyuma ya pikapu juu ya godoro, akaendesha barabara ile ya vumbi huku akilia, na asubuhi walikuwa hospitali. Mtu alitumwa Mollo kwa baiskeli. Rozina alipofika alimkuta binti yake kitandani, midomo imekauka, Nesi Otilia amesimama pembeni. Otilia alikuwa mtu mzima sasa, karibu kustaafu.

"Daktari wa upasuaji yuko tayari, chumba kiko tayari," Otilia alimwambia kwa sauti ya chini. "Anakataa kukatwa. Mume ameridhia, yeye hataki. Mapigo ya mtoto bado mazuri, lakini hayatangoja."

Rozina alipiga magoti kando ya kitanda ili uso wake uwe sawa na wa Adela, kwa sababu kuinama hakuweza.

"Mwanangu, waruhusu."

"Mama, watanikata tumbo zima. Umeliona lako. Litaota, litanivuta, nitatembea nimeinama kama wewe."

"Daktari Ngeleja alisema likiwahiwa linatulia. Masikio yako yametulia."

"Masikio ni madogo." Uchungu ulimjia, akashika chuma cha kitanda hadi ukapita. "Nitasukuma. Nitazaa mwenyewe. Niacheni nisukume."

"Umesukuma tangu jana, Adela."

"Kila usiku nilikuwa nasikia ukijikuna. Nikiwa mtoto, nilikuwa nasikia. Baba anaamka, nakusikia unamwambia lete jiwe. Siwezi, mama."

Rozina hakuwa amejua kwamba mtoto alikuwa macho. Akafungua kitenge chake pale wodini, wanawake wengine wakitazama, akauchukua mkono wa binti yake na kuuweka juu ya kovu, pale palipo nene kuliko pote.

"Hili linaniwasha na linanivuta na limenifanya kichekesho," alisema. "Lakini chini yake moyo unadunda. Wewe sikia. Ningeambiwa leo nichague tena, ningelichukua. Nakuomba."

Adela aliacha mkono wake pale. Alifumba macho. Muda ulipita, daktari akaja mlangoni, akaondoka, akaja tena. Leonidas alikuwa nje amekaa juu ya tairi. Uchungu mwingine ukaja, na mwingine. Jua lilikuwa limeshavuka kichwa Adela aliposema, bila kufumbua macho, "Haya. Wanikate."

Walimkimbiza. Otilia alikuwa ameweka kifaa cha kusikilizia tumboni walipokuwa wakimsukuma, na Rozina aliona jinsi alivyokihamisha, akakihamisha tena, akaongeza mwendo.

Mtoto alikuwa wa kiume, mzima wa viungo, mwenye nywele nyingi. Alivuta pumzi chache tu. Otilia alimbatiza palepale kwa maji ya kwenye kikombe, akamwita Baltazari, kwa kuwa ndilo jina lililomjia, na kumbe lilikuwa jina la babu wa Wilibrodi. Wilibrodi alifika na kumbeba mwenyewe hadi Mollo, amemfunga kwenye shuka jeupe, na walimzika karibu na shamba la maharage wakati mama yake bado hajazinduka vizuri.

*

Adela hakurudi Matai. Aliletwa Mollo kupumzika, na alipumzika kwa namna iliyowatisha, amelala ubavu, akila akipewa, akiitika akiitwa. Leonidas alikuja kila alipopandisha samaki. Alikaa kwenye kigoda, akazungumza habari za barabara na bei za Kasanga, akaondoka.

Rozina hakusubiri zamu ya daktari. Alimtuma mwanawe mjini akamwombe Otilia apige simu kule Ngeleja alikokuwa. Akaja, ingawa haikuwa zamu yake, na safari hii alikuwa na dawa ya kutosha. Mshono ulikuwa umefunga na ulikuwa umeanza, kwenye ncha moja, kuwa mgumu. Alichoma pale. Alirudi tena akachoma urefu wote, akamfundisha Rozina namna ya kufunga kitambaa kwa mkazo ili ngozi ikandamizwe. Rozina alikifunga kila asubuhi. Adela alinyanyua mikono afungwe, kama mtoto anayevalishwa.

Mahindi yalikuwa yamekomaa Ngeleja alipokuja kuangalia kwa mara ya mwisho. Adela alilala chali, daktari akainama juu ya tumbo kwa muda mrefu, akapitisha kidole.

"Limekaa vizuri sana," alisema. Alikuwa na kamera, akaomba ruhusa ya kulipiga picha awaonyeshe wenzake. Adela aliitikia kwa kichwa, kisha akageuza uso ukutani hadi mlio wa kamera ulipokwisha.

Rozina alimsindikiza hadi barabarani. Upepo wa Ufipa ulikuwa umeanza, wa kukausha midomo. Ngeleja alimwambia kwamba wale wataalamu wa mbali walikuwa wamefika mahali. Walikuwa na kitu cha kumzuia mjumbe, wameanza kukijaribu kwa watu wachache. Huenda siku moja kitafika hata huku.

"Nitakuandika jina kwenye orodha yao, mama Adela. Umengoja kuliko wote ninaowajua."

"Andika la Adela."

"Kovu la Adela ni zuri sasa, unaona mwenyewe."

"Atakatwa tena akipata mtoto mwingine," Rozina alisema. "Andika lake. Lakini usimwambie leo."

Aliporudi ndani, Adela alikuwa bado chali, gauni limepandishwa, kidole chake kikitembea juu ya mstari ule. Ulikuwa mwembamba, umelala sawa na ngozi, mfupi kuliko kiganja.

"Mama," alisema, "ni haka tu?"

"Ni hako tu."

"Hakaoti?"

"Daktari anasema hakataota tena."

Adela alikitembeza kidole hadi mwisho wa mstari, akarudi hadi mwanzo. "Nilidhani litakuwa kama lako," alisema. "Nilidhani litakuwa kubwa." Kisha akaanza kulia, kilio ambacho hakuwa amekilia siku ile hospitali, wala siku aliyopelekwa kwenye kaburi. Alilia amejikunja, mikono juu ya tumbo, akirudia neno lile moja, haka tu, haka tu, hadi sauti ikakwama.

Rozina alimsogelea. Angeweza kusema kwamba kosa lilianza na yeye, siku aliyorudi kutoka kwa daktari na kunyamaza. Lakini hilo lingekuwa kumtaka binti yake amfariji. Alipanda kitandani, akajilaza nyuma yake kwa ubavu ambao kovu liliuruhusu, akamkumbatia.

Baada ya mavuno Leonidas alikuja na pikapu. Adela alikuwa ameshafunga mzigo wake, godoro, sufuria mbili, gunia la unga alilopewa na baba yake. Alimshika mama yake mikono yote miwili, akasema shikamoo ya kuaga, akapanda mbele. Gari lilipowaka alipaza sauti akisema kitu dirishani. Rozina aligeuza mwili mzima kumsikiliza, lakini pikapu lilikuwa limeshaingia barabarani, na vumbi likasimama muda mrefu kati ya nyumba na shamba la maharage.